Kuuza nyumba Dodoma: umpe dalali au usimame mwenyewe? Tuweke hesabu mezani

#1 Zabibu Mbichi (mleta uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Kila wiki kuna anayeuliza "nimpe dalali au niuze mwenyewe", na kila wiki majibu ni yaleyale: nusu wanatukana madalali, nusu nyingine ni madalali. Leo tuweke hesabu. Chukueni nyumba moja ya mfano: vyumba vitatu, kimoja masta, kiwanja kimepimwa, hati ya miaka 99, upande wa Nkuhungu, kama mita 300 kutoka lami. Bei ya makubaliano tuseme milioni 120. Ni tarakimu ya kufanyia hesabu tu, asije mtu kuniambia Nkuhungu bei hiyo ipo au haipo.

Msimamo wangu ni huu: watu wanapigania 5% ya dalali huku wanapoteza zaidi ya hiyo kwa faili bovu na bei ya kujitungia. Faili likiwa limekamilika, dalali anabaki kuwa mtu wa kukuletea mteja, na kuleta mteja ni kazi yenye ujira wake halali. Faili likiwa bovu, dalali huyohuyo anageuka mwanasheria wako, mthamini wako na msemaji wako. Hapo ndipo unapoliwa.

Uwanja wenu.

#2 Mkwaju Mmoja

Natia nanga hapa. Wanasheria waje.

#3 Fomu 35

Mleta uzi umegusa penyewe. Kabla hujapiga picha hata moja ya sebule, fungua faili. Kwa nyumba yenye hati, ndani yake viwemo hivi.

Hati yenyewe, na jina lililoandikwa humo liwe sawa herufi kwa herufi na la kwenye kitambulisho cha NIDA. Ally na Ali ni watu wawili mbele ya Msajili wa Hati. Hilo linarekebishika kwa hati ya kiapo, ila lirekebishe sasa, siyo siku mteja ameshaweka hela mezani.

Stakabadhi ya kodi ya pango la ardhi ya mwaka huu. Wengi wanakumbuka kodi ya majengo kwa sababu inakatwa kwenye LUKU, wanasahau pango la ardhi ambalo unaenda kuomba namba ya malipo mwenyewe. Deni la miaka sita linakaa kimya mpaka siku ya uhamisho.

Matokeo ya upekuzi, yaani kukagua daftari la Msajili wa Hati linasema nini kuhusu nyumba yako. Watu wanadhani upekuzi ni kazi ya mnunuzi peke yake. Fanya wewe kwanza. Utaona jina la mmiliki, muda uliobaki, matumizi yaliyoidhinishwa, rehani na zuio kama lipo. Kinachowashangaza wauzaji wengi ni rehani ya mkopo waliomaliza kulipa zamani. Kumaliza deni hakufuti rehani kwenye daftari. Benki lazima itoe hati ya kufuta rehani, nayo isajiliwe. Hiyo inaweza kula wiki kadhaa, na mnunuzi mwenye hela hasubiri wiki kadhaa, anavuka barabara anaangalia nyumba nyingine.

Ridhaa ya mwenza. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinakataza kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenza, hata kama hati ina jina lako peke yako. Iwe ya maandishi, imesainiwa mbele ya wakili. Kama huna ndoa, unaapa kwamba huna.

TIN, nakala ya NIDA na picha za pasipoti, za pande zote mbili.

Baada ya mkataba wa mauziano ndipo zinakuja fomu: Na. 29 ya taarifa ya uhamisho, Na. 30 ya kuomba idhini, na Na. 35 ambayo ndiyo hati ya uhamisho yenyewe. Zinaambatana na taarifa ya uthamini iliyoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, na uthibitisho wa TRA kwamba kodi imelipwa. Someni tena orodha yote hiyo. Dalali hayumo popote.

#4 Kikuyu Kaskazini

Mkuu Fomu 35, kuna wenye karatasi za CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, mpaka leo. Hizo zinauzika?

#5 Fomu 35

Zinauzika kwa shida na kwa bei ya shida. CDA ilianzishwa 1973 na kuvunjwa Mei 2017, shughuli zake zikahamia halmashauri ambayo mwaka uliofuata ikawa Jiji. Ilikuwa inatoa mikataba ya miaka 33. Baada ya kuvunjwa ikaelekezwa wenye mikataba hiyo wapewe hati za miaka 99.

Sasa piga hesabu kwa vidole: mkataba ulioanza 1990 ulifika ukingoni 2023. Mtu anatembea na karatasi hiyo akiita "hati ya CDA" na kutaja bei ya hati ya miaka 99. Wakili wa mnunuzi ataona tarehe ndani ya dakika mbili, na punguzo litakaloombwa hapo halitalingana na gharama ya kubadilisha karatasi. Nenda ofisi ya ardhi, badilisha, ndipo utangaze. Hili ndilo jambo moja linaloongeza bei ya nyumba za zamani za Dodoma kuliko rangi mpya na geti jipya.

#6 Dalali Mkongwe Dom

Nimewasoma. Acha niseme upande wetu bila kupaka mafuta.

Kwa mazoea ya hapa, kamisheni ya nyumba ni 5%, inashuka mpaka 3% nyumba ikiwa ya bei kubwa, na kwa viwanja vidogo inapanda hata 10%. Hakuna sheria ya asilimia, ni mapatano. Ukisikia mtu anasema "kiwango cha serikali", huyo anakuchezea.

Tunachouza ni daftari la simu. Dalali anayejua kazi ana watu ambao wameshaona nyumba sita na kuzikataa, kwa hiyo anajua nani anataka Ilazo na hataki kusikia Nala, nani ana hela ya pensheni na nani anasubiri mkopo. Mwenye nyumba anayetangaza peke yake anaanza na sifuri, anapokea simu arobaini, thelathini na tano ni za kuuliza "mwisho ngapi" kabla hata ya kusalimia.

Na sasa lile baya, maana najua mnalisubiri. Cha juu. Mwenye mali anasema "mimi nipe 120 yangu, utakachopata juu ni chako". Wauzaji wengi wanalitamka wao wenyewe, wakidhani wamekwepa kamisheni. Matokeo yake dalali hana sababu ya kukuuzia haraka, ana sababu ya kuuza ghali. Anaweza kuficha mteja wa 122 wiki nne akimsubiri wa 140.

Lingine: nyumba ikishikwa na madalali watano, kamisheni inagawanywa kati ya dalali aliyepewa nyumba, dalali mwenye mteja na waliounganisha katikati. Kila mmoja akiona mgao umekonda anapandisha bei anayotangaza. Ndiyo maana nyumba moja iko kwenye makundi ya WhatsApp kwa 120, 135 na 150 siku ileile, picha zilezile, hadi ndoo ileile ya bluu mlangoni. Mnunuzi anayeikuta mara tatu anajua hana sababu ya kuharakisha.

#7 Hesabu Kali

Dalali Mkongwe umesema kweli ila umeacha kipande kinachouma zaidi: kodi.

Muuzaji mkazi wa Tanzania analipa kodi ya ongezeko la mtaji, 10% ya faida, kabla uhamisho haujasajiliwa. Faida ni bei ya kuuza toa gharama. Tuchukue mfano wa mleta uzi, kiwanja kilinunuliwa milioni 12, ujenzi 68 wenye risiti, jumla 80. Umeuza 120. Faida 40, kodi milioni 4.

Gharama zinazokubalika zinajumuisha na za kuuzia, kama tangazo, wakili na kamisheni, mradi ziwe na ushahidi. Dalali wa 5% aliyekupa risiti ya milioni 6 anashusha faida mpaka 34, na kodi inakuwa 3.4. Yaani laki sita ya kamisheni yake imerudi kwako kupitia TRA. Dalali asiye na risiti hakurudishii hata mia.

Sasa cha juu. Mwenye mali kapokea 120 yake, mteja katoa 130, dalali kabaki na 10 bila risiti. Mnunuzi anataka mkataba uandikwe 130, na ana haki, ndiyo hela aliyotoa. Faida kwenye karatasi inakuwa 50, kodi milioni 5. Muuzaji amelipa milioni moja ya ziada kwa hela ambayo hakuigusa. Hii ndiyo bei halisi ya "utakachopata juu ni chako".

Kwa asiye na kumbukumbu za gharama kabisa, kuna utaratibu wa 3% ya bei ya kuuza au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Kwa 120 ni milioni 3.6, uthamini ukisema 130 ni 3.9. Nyumba nyingi zetu zimejengwa kwa awamu, tofali leo bati mwaka kesho, na risiti zimeliwa na mchwa. Huyo ndiye aliyetungiwa utaratibu huo.

Msamaha upo kwa nyumba ya kuishi: uwe umeimiliki miaka 3 au zaidi mfululizo, umeishi humo jumla ya miaka 3 au zaidi, na faida isizidi milioni 15. Angalieni vizuri hapo mwisho. Faida ikiwa 14, hulipi. Ikiwa 16, unalipa kwa 16 yote, siyo kwa moja iliyozidi. Kwa hiyo anayebishania bei akiwa karibu na mstari huo apige hesabu kwanza, kuongeza milioni moja kunaweza kumtia hasara.

#8 Mkwaju Mmoja

Na hawa wanaoandika 60 kwenye mkataba wakati wameuziana 120?

#9 Hesabu Kali

Wanajidanganya mara tatu. Kwanza uthamini ulioidhinishwa ukija na 115, 60 yako haisimami. Pili, mnunuzi siku akiuza yeye, gharama yake kwenye karatasi ni 60, atalipa kodi ya faida aliyoipata muuzaji wa kwanza. Tatu, mgogoro ukifika mahakamani mnunuzi anadai kurudishiwa kilichoandikwa, na muuzaji aliyelipwa nusu anadai kilichoandikwa. Zaidi ya hayo ni udanganyifu wa kodi, basi.

Nimesahau ushuru wa stempu: 1% ya bei, kwa mazoea analipa mnunuzi, ndani ya siku 30 tangu mkataba usainiwe. Wakichelewa inaongezeka adhabu, na hapo ndipo simu za kulaumiana zinaanza. Andikeni kwenye mkataba nani analipa nini. Kisheria kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji. Mkikubaliana mnunuzi aibebe, iandikwe kwa maneno kamili, maana "kila mtu abebe zake" siku ya malipo inasomwa kwa macho mawili tofauti.

#10 Mama Ilazo

Wakuu mmetisha watu na kodi. Mie niseme upande wa kuuza mwenyewe, kwa vitendo.

Usianzie Facebook. Anza na wanaoijua nyumba: mpangaji aliyemo, jirani wa ukuta, jirani wa nyuma. Jirani ndiye mnunuzi pekee anayeweza kulipa zaidi ya soko, kwa sababu kiwanja chako kikiungana na chake kinamfaa yeye kuliko mtu mwingine yeyote. Na hahitaji kuonyeshwa mtaa. Ukimkosa huyo ndipo uweke tangazo, nalo liwe na majibu, siyo sifa. Mfano:

"Inauzwa na mwenyewe. Vyumba 3, kimoja masta, sebule, jiko la ndani, stoo, choo cha wageni. Kiwanja mita za mraba 612, kimepimwa, hati ya miaka 99 ina jina la muuzaji, haina rehani. Nkuhungu, mita 300 kutoka lami, gari dogo linafika hata masika. Maji ya DUWASA, simtanki lita 2,000 juu ya mnara. Mita ya umeme ya peke yake. Ukuta wa tofali pande zote. Milioni 125, maongezi yapo kidogo. Kuiona ni Jumamosi na Jumapili saa 3 hadi saa 7."

Kila sentensi hapo inapunguza simu. "Nyumba kali sana, eneo tulivu" haipunguzi simu hata moja. Lile neno la masika ni la muhimu hapa kwetu. Mvua za Desemba hadi Aprili zikishuka, korongo linakata njia, na mnunuzi aliyekuja Agosti hana namna ya kujua. Ukisema wazi anakuamini na kwa mengine.

Usiweke picha ya hati mtandaoni. Ukiombwa kwa ajili ya upekuzi, toa nakala iliyopigwa mstari na kuandikwa juu "kwa upekuzi tu" na tarehe. Hati halisi haitoki mkononi mwako kwa yeyote, awe dalali, shemeji au "ofisa".

Na kuandika "madalali hapana" hakuwazuii, wanapiga kama wanunuzi. Swali la kuwachuja ni moja: unanunua kwa jina la nani, na kwa pesa taslimu au mkopo? Mnunuzi wa kweli anajibu palepale. Mwingine anasema "nina bosi wangu".

#11 Dalali Mkongwe Dom

Mama Ilazo kwa "bosi wangu" umetumaliza.

#12 Swaswa Juu

Swali: mnunuzi wa mkopo wa benki akubaliwe? Naambiwa wanachelewesha.

#13 Mama Ilazo

Akubaliwe, kama faili lako ni safi. Dodoma imejaa watumishi tangu serikali ihamie, na mtumishi mwenye mshahara unaojulikana ndiye mteja wa mkopo. Ni kweli inachukua muda: benki inaleta mthamini inayemwamini yenyewe, inafanya upekuzi wake, inasajili rehani, ndipo inatoa hela. Weka miezi miwili au mitatu kichwani. Dalali anamponda mnunuzi huyu kwa sababu kamisheni nayo inasubiri. Wewe muuzaji huna haraka ya dalali. Ila asiyekuwa na hati, au mwenye kiwanja kisichopimwa, amewapoteza wateja hawa wote kabla ya kuanza, anabaki na wa taslimu tu, na wa taslimu anajua hilo.

#14 Fundi Chokaa

Naongezea kidogo ya saiti, maana bei inashukia ukutani siyo mezani.

Mnunuzi anayejua Dodoma anainama kwanza. Anaangalia sentimita 30 za chini za ukuta, ndani na nje. Chumvi ya udongo na ya maji inapanda na unyevu, rangi inavimba, ukigusa inadondoka kama unga. Muuzaji anapaka rangi juu yake wiki moja kabla, na baada ya wiki mbili inatoka tena, mbaya zaidi. Kwangua plasta mpaka kwenye tofali, acha ukuta ukauke, piga plasta mpya yenye dawa ya kuzuia maji, subiri, ndipo rangi. Kama huna muda wa kuacha ikauke, iache ilivyo na useme.

Cha pili ni nyufa kwenye pembe za madirisha. Ufa wa mshazari kama ngazi, unaofuata viungo vya tofali, ukiwa unaingiza sarafu, mara nyingi ni msingi umekaa kwenye udongo mweusi wa mbuga unaovimba masika na kusinyaa kiangazi. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta ni plasta tu. Mnunuzi hajui tofauti, anavikatia bei sawa. Lipa fundi au mhandisi akuandikie karatasi moja inayosema upi ni upi. Inarudisha gharama yake mara nyingi.

Halafu fungua bomba zote asubuhi kabla hajafika. Shawa iliyoziba kwa chumvi ni ya kubadilisha siku moja, ila ikimtiririkia matone mbele yake anaanza kuuliza habari za kisima, na mazungumzo yamehama kutoka kwenye nyumba.

#15 Zabibu Mbichi

Fundi, hiyo ya kuinama nimeipenda. Turudi kwenye bei, maana nilisema bei ya kujitungia inaua.

Muuzaji wa Dodoma anajumlisha: kiwanja, saruji, bati, fundi, jasho, halafu anaongeza SGR, barabara ya mzunguko na uwanja wa Msalato. Mnunuzi halipii saruji yako. Anafananisha na anachoweza kupata kwa hela hiyohiyo, zikiwemo nyumba za NHC kule Iyumbu, au kununua kiwanja Nzuguni akajenga kwa awamu. Huyo wa mwisho ndiye mshindani wako mkubwa na hatangazi popote.

Kipimo rahisi ni kodi ya upangaji. Nyumba inayopangishwa laki nne kwa mwezi inaingiza milioni 4.8 kwa mwaka. Kwa 120, mwekezaji anahitaji miaka 25 kurudisha hela, bila kuhesabu matengenezo na miezi mitupu. Kwa hiyo mwekezaji si mteja wako, mteja wako ni anayetaka kuishi. Hilo pekee linakwambia uzungumzie shule na maji, siyo "fursa".

Tafuta nyumba tatu au nne zilizouzwa kweli mtaa huohuo, siyo zilizotangazwa. Anayejua bei zilizouzwa ni nani? Wathamini na madalali. Ndiyo, hapa dalali anastahili chai yake.

Na msisubiri Bunge. Kila Aprili nasikia "ngoja bajeti ianze, wabunge waje". Wabunge wanapanga. Wakitaka kujenga wanajenga.

#16 Miyuji Stendi

Kwa hiyo jibu ni nini? Dalali au mwenyewe?

#17 Fomu 35

Inategemea uko wapi na nyumba yako. Ukiwa Mwanza au Dar na funguo iko kwa mtu, chukua dalali, maana kila safari ya kuonyesha nyumba ni gharama na anayekutunzia funguo atageuka dalali bila mkataba. Nyumba ya bei kubwa, ghorofa au yenye umbo lisilo la kawaida, chukua dalali mwenye daftari la watu hao. Nyumba ya kawaida, mtaa unaojulikana, wewe unaishi humo na hati ipo: jaribu mwenyewe siku 60.

Ukichukua dalali, mmoja, kwa maandishi. Ukurasa mmoja unatosha: asilimia ni ya bei iliyoandikwa kwenye mkataba wa mauziano; italipwa siku hela yote ikiwa kwenye akaunti ya muuzaji, siyo siku ya malipo ya awali; hakuna cha juu; anatoa risiti; bei ya kutangaza ni moja na haibadilishwi bila ruhusa; muda siku 90. Na kifungu kimoja ambacho wengi wanakisahau: orodha ya majina ya wateja aliowaleta. Mkataba ukiisha, akija mmoja wa orodha ndani ya siku 90 kamisheni ni yake, nje ya orodha si yake. Hiki kinawalinda wote wawili, maana na wauzaji nao wana tabia ya kumzunguka dalali na kumalizana na mteja wake usiku.

Muulize pia kama anachukua kamisheni kwa mnunuzi. Si kosa kujua.

#18 Dalali Mkongwe Dom

Kifungu hicho nakisaini leo.

#19 Kikuyu Kaskazini

Mwenyekiti wa mtaa na 10% yake je?

#20 Fomu 35

Hakuna sheria inayompa mwenyekiti asilimia ya nyumba yako, na muhuri wa mtaa hauhamishi milki ya nyumba yenye hati. Mtaa unaweza kukutambulisha kwamba wewe ndiye mkazi wa pale, basi. Ukiombwa asilimia, omba stakabadhi ya serikali yenye namba ya malipo. Mara nyingi mazungumzo yanaishia hapo.

Nyumba ya urithi ni uzi mwingine, ila kwa ufupi: msimamizi wa mirathi aingizwe kwanza kwenye daftari kama msimamizi, ndipo auze, na warithi wasaini. Anayeuza kwa jina la marehemu hauzi kitu. Anayeuza kwa niaba ya mwenye nyumba kwa hati ya uwakili naye, hati hiyo iwe imesajiliwa kwa Msajili wa Hati, na ajue kwamba aliyeitoa akifariki imekufa naye.

#21 Hesabu Kali

Siku ya malipo, neno moja. Hela ipite benki kwa benki, kwa TISS (mfumo wa Benki Kuu wa kuhamisha hela kati ya benki), siku ya kazi asubuhi. Muuzaji aende tawini kwake aone salio, asiridhike na picha ya slipu wala meseji kwenye simu ya mnunuzi. Fomu Na. 35 iliyosainiwa na hati vikae kwa wakili mpaka salio lionekane. Muuzaji akishasaini na kukabidhi vyote kwa ahadi ya "nusu iliyobaki mwisho wa mwezi", mnunuzi ana kila kitu na muuzaji ana mkataba wa kwenda nao mahakamani. Mkilipana kwa awamu, hati inakaa kwa wakili hadi awamu ya mwisho, na iandikwe nini kinatokea awamu ikikosekana: siku ngapi za kungoja, kiasi gani kinarudishwa.

Kila upande na wakili wake. Laki chache za wakili wa pili siyo mahali pa kubana.

#22 Swaswa Juu

Na makabidhiano ya mita? Nimeona watu wanagombana kwa ajili ya LUKU.

#23 Mama Ilazo

Hiyo ni kwa sababu kodi ya majengo inakatwa humo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na miezi ambayo hukununua umeme inajilimbikiza. Nyumba ikikaa tupu miezi minane wakati inatafutiwa mteja, mnunuzi akinunua umeme mara ya kwanza anakatwa 12,000 ya nyuma, anadhani mita ni mbovu au kauziwa deni. Siku ya makabidhiano nunueni umeme wa elfu ishirini mbele ya wote wawili, angalieni makato kwenye risiti. Pigeni picha namba ya mita, pigeni picha usomaji wa mita ya maji, na bili ya mwisho ya DUWASA ilipwe kabla jina halijabadilishwa. Halafu funguo zote, na ile ya stoo ambayo kila mtu anasema imepotea.